Spika inakwaruza hata kwa sauti ndogo: koili imeungua kweli?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Kibaigwa, Dodoma, nakodisha muziki kwenye harusi na kipaimara. Nina spika mbili za inchi 15, omu 8. Moja imeanza kukwaruza, hasa besi ikipiga, hata nikiweka sauti ya chini kabisa. Haijawahi kunyeshewa. Katikati ya wiki vyombo nahifadhi kwa jamaa yangu anayechomelea mageti, maana kwangu ni padogo. Fundi wa hapa amesema koili imeungua, ninunue spika nyingine. Nimepima kwa maltimita nikapata 6.1. Je, koili imekufa? Au amplifaya ndiyo mbovu?

JIBU: Marahaba. Usitoe hela kwanza. Nadhani jibu umeshaliandika mwenyewe, pale uliposema unahifadhi vyombo kwa mtu wa mageti.

Tuanze na hiyo 6.1. Spika ya omu 8 ukiipima kwa maltimita inasoma kati ya 5.5 na 7 hivi, kwa sababu mita inapima waya peke yake, bila muziki kupita. Kwa hiyo waya wa koili yako, yaani ule uliozungushwa nyuma ya koni (ile karatasi pana ya mbele) na kuisukuma, haujakatika. Sisemi kwamba koili ni salama kabisa, maana kuna koili iliyopata moto ikavimba, mizunguko ikalegea, na bado ikasoma vizuri. Hiyo utaijua kwa pua. Ukishaitoa spika kwenye boksi, nusa karibu na sumaku. Harufu ya koili iliyoungua haijifichi.

Halafu badilishana waya: ule wa spika nzima uchomeke kwenye mbovu, na wa mbovu kwenye nzima. Mkwaruzo ukihamia kwenye ile nzima, tatizo liko kwenye waya, jeki au amplifaya. Ukibaki palepale, ni spika. Na kama makelele yanatokea pale tu unapozungusha kitufe cha volyumu, hayo ni vumbi ndani ya kitufe, wala usifungue boksi.

Sasa toa spika kwenye boksi, ilaze sumaku ikiwa chini. Weka vidole vya mikono yote miwili kuzunguka ile kofia ya katikati, usukume koni chini taratibu, ishuke sawasawa. Ukisukuma upande mmoja utaifanya iguse hata kama ni nzima, na hapo ndipo mafundi wengi huhukumu spika isiyo na kosa. Sikiliza. Ikishuka kimya kama inapita kwenye mafuta, koili iko huru. Ukisikia au kuhisi kwenye vidole kitu kama mchanga chini ya ndala, kuna uchafu, au koili imepinda.

Kwa nini nashuku uchafu? Koili inaning'inia ndani ya mwanya wa sumaku, na nafasi inayobaki kila upande haifiki milimita moja. Grainda ikikata chuma inarusha chenga laini. Zinaingia kwenye tundu la besi la boksi, kisha kwenye tundu la nyuma ya sumaku ikiwa wavu wake umechanika. Zikishafika hapo sumaku haiziachii. Hata bila grainda, huku kwetu tuna shida hiyo. Aliyekulia Dodoma anajua mchezo wa kuvunja spika ya redio mbovu, kuchukua sumaku na kuiburuza mchangani mpaka iote ndevu nyeusi. Zile ndevu ni punje za madini ya chuma, na ndizo hizohizo zinazopeperushwa na upepo wa kiangazi.

Kusafisha kunataka subira. Kwa wembe mpya kata kofia ya katikati, ukiacha ukingo wa kama nusu sentimita na sehemu ndogo isiyokatwa iwe bawaba. Mulika tochi. Utaona nguzo ya chuma katikati, na koili imeizunguka. Usipulize kwa kompresa, utazisukuma chenga ndani zaidi. Chukua utepe wa karatasi wa mafundi rangi, uukunje gundi ikiwa nje, uzamishe kati ya nguzo na koili kwa kipande chembamba cha filamu ya eksirei, kisha uvute. Rudia, kila mara kwa utepe mpya, mpaka utoke mweupe. Usikwangue koili, vanishi yake ni nyembamba.

Kama uchafu uko upande wa nje wa koili, njia hii haiufikii. Hapo koni nzima inabidi ibanduliwe kwa asetoni, na hiyo kazi mpe fundi anayesuka koili. Vivyo hivyo kama koili imevimba. Ila kama koni imelala upande mmoja kwa sababu kile kitambaa cha njano chenye mikunjo kimechoka, jaribu kwanza kugeuza spika juu chini kwenye boksi. Mara nyingine inajirudi.

Kabla ya gundi, ijaribu. Niliwahi kuharakisha, nikafunga kofia, jioni ikakwaruza mbele ya bibi harusi. Tumia programu ya simu inayotoa toni, weka hezi 30, sauti ndogo, koni icheze tu. Ikiwa kimya, shika zile waya laini mbili zinazotoka kwenye koni kwenda kwenye vituo vya kuungia waya wa amplifaya, uzitikise. Ikikatakata, waya umevunjika ndani ya nyuzi zake. Ng'oa mwingine kwenye spika iliyokufa ya ukubwa huohuo. Waya wa umeme wa nyumba ni mgumu, utakatika au utachana koni. Ukiuchomelea, risasi isipande juu kwenye waya, itaukakamaza.

Kofia irudishe kwa gundi nyeupe ya mbao, mstari mwembamba, ikae usiku mzima. Supa glu inachuruzika kwenye mwanya.

Amplifaya yako siishuku, kwa kuwa spika inakwaruza hata kwa sauti ndogo. Amplifaya inayozidiwa hukwaruza ukiikamua, mara nyingi jenereta ikiwa ndogo na waya mrefu. Ila ukiwasha muziki halafu koni ikaruka mbele na kubaki hapohapo, zima mara moja, chomoa spika, na hapo nitakuwa nimekosea kuhusu amplifaya. Wavu wa nyuma ya sumaku uzibe upya kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, na vyombo vitafutie chumba kingine.