"Nani? Lini?"

Msimamizi wangu aliporudisha rasimu ya tasnifu, kurasa za mwanzo zilikuwa safi, nikaanza kujipongeza. Kufika kwenye marejeleo, wino mwekundu mtupu. Kando ya kila kiungo ameandika: "Nani? Lini?"

Nilikuwa naandika kuhusu gugumaji katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, na nusu ya vyanzo nilivitoa intaneti. Nilichofanya ni kunakili anwani na kubandika, basi. Nikarudi saiba pale Kondele kuvisaka upya. Vingine vilifunguka. Vingine, ukurasa haupo.

Lililoniaibisha zaidi ni mwaka. Nilikuwa nachukua ule ulio chini kabisa ya ukurasa, kando ya alama ya hakimiliki. Kumbe tovuti nyingi huubadilisha zenyewe kila Januari! Makala inayoizungumzia sensa ya 2009 kama ya juzi, mimi nimeiandikia 2021. Tarehe tafuta chini ya kichwa cha makala. Usipoiona na una kompyuta, bonyeza Ctrl na U, kisha katika ule msitu wa maandishi tafuta "datePublished". Mara nyingi imejificha humo. Ukikosa kabisa, andika kwamba haina tarehe, usibuni.

Mwandishi naye si lazima awe mtu. Ripoti ya sensa ya 2019, mwandishi wake ni KNBS, shirika la takwimu la Kenya. Ila usiandike Google. Google ni manamba wa stendi: amekuonyesha gari, haliendeshi yeye.

Makala za majarida ni nafuu, kwa kuwa nyingi zina DOI, namba ya kudumu ya makala, ile inayoanza na 10. Itangulize https://doi.org/ na hata jarida likihamia tovuti nyingine, msomaji atafika. Kitufe cha kunukuu cha Google Scholar, ile Google ya kutafutia makala za kitaaluma, kinasaidia, lakini kikague, majina huyakoroga.

Na vile viungo vilivyokufa? Nilivipeleka Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ambako kurasa za intaneti zimekuwa zikihifadhiwa tangu 1996. Unabandika anwani ya zamani, unachagua siku. Si vyote vilivyopatikana. Siku hizi ukurasa nikiupenda nauhifadhi humo papo hapo, kabla bando halijaisha, na kwenye daftari naandika tarehe niliyousoma.

Kimoja kilinichekesha. Nilipokifufua na kushuka hadi mwisho, jina la mwandishi lilikuwa pale, chini ya aya ambayo sikuwahi kuifikia.