Uliza Ujibiwe: Askari kambini Falmouth, baridi ya 1862–63

Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, majeshi ya Muungano (majimbo ya Kaskazini) yalipigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Baada ya majeshi ya Muungano kupigwa vibaya Fredericksburg, Virginia, tarehe 13 Desemba 1862, jeshi lao kuu la upande wa mashariki, Jeshi la Potomac, lilirudi ng'ambo ya mto Rappahannock na kupiga kambi karibu na Falmouth hadi mwishoni mwa Aprili. Maswali ya toleo hili yanahusu kambi hiyo.

SWALI: Naandika mchezo wa redio kuhusu askari kijana aliyekumbuka kwao. Nimemweka ndani ya hema jeupe, theluji ikianguka juu yake. Nimekosea wapi?

Hema peke yake halikutosha. Kila askari alibeba kipande kimoja cha turubai, yapata futi 5 kwa 5, chenye vifungo vya kuunganishwa na cha mwenzake. Kambi ilipoonekana kuwa ya kukaa, watu wanne waliungana. Walichimba sakafu kidogo, wakapanga magogo ya msonobari hadi kimo cha futi 3 au 4, wakakandika nyufa kwa udongo, kisha vipande vyao vinne vikawa paa. Vitanda vilikuwa vya fito, juu yake matawi ya msonobari. Sanduku la biskuti likawa meza.

Kazi ngumu ilikuwa dohani. Palipokosekana mawe ilijengwa kwa vijiti vilivyokandikwa udongo, na juu yake likakaa pipa tupu la nyama au unga ili kuongeza mvuto wa moshi. Dohani ikiwa fupi, moshi hurudi ndani. Udongo ukiganda kabla haujakauka, huanguka vipande vipande, na hapo vijiti vilivyo wazi hushika moto, na pipa nalo huwaka. Dawa yake ilikuwa kuliangusha pipa kwa mti mrefu haraka, kabla turubai halijaungua. Wakorofi nao walipenda kufunika dohani ya jirani kwa ubao usiku na kusubiri watu watoke wakikohoa.

Theluji iache, ila usiifanye ya kila siku. Baridi ya Virginia hugandisha usiku na kuyeyusha mchana, kwa hiyo mateso makubwa yalikuwa tope. Tarehe 20 hadi 22 Januari 1863 jeshi zima lilijaribu kusonga mbele, mvua ikanyesha, magari na mizinga ikazama, watu wakarudi vibandani walimotoka. Na kuni zilikwisha upesi: misitu ya karibu ilifyekwa, askari wakawa wanatembea mbali kutafuta magogo, mengi yakiwa mabichi yenye moshi kuliko moto.

SWALI: Alipika nini, na kwa kiasi gani?

Posho ya siku ilikuwa ratili 1 (yapata gramu 450) ya biskuti ngumu (vipande 9 au 10), pamoja na robo tatu ya ratili ya nyama ya nguruwe ya chumvi, au ratili 1 na robo ya nyama mbichi ya ng'ombe. Kwa kila posho 100 kulikuwa na ratili 10 za buni na ratili 15 za sukari. Yaani kila mtu alipata kama gramu 45 za kahawa na gramu 68 za sukari kwa siku.

Mara nyingi kahawa ilikuja mbichi. Waliikaanga wenyewe, wakikoroga bila kuacha kwa sababu huungua upande mmoja, kisha wakaiponda kwa kitako cha bunduki. Biskuti zenye fukusi ziliangushwa ndani ya kahawa ya moto. Wadudu wakaelea, wakaenguliwa. Au zililowekwa kwenye maji baridi, kisha zikakaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Hushibisha, lakini tumbo hulipa.

SWALI: Siku yake ilipangwaje?

Kwa tarumbeta na ngoma: kuamka, kuitwa majina, wagonjwa kwenda kwa daktari, kazi za kambi, gwaride, kuitwa majina tena, kulala. Zamu ya lindo kando ya mto ilikuwa saa 2 kusimama na saa 4 kupumzika. Ng'ambo walisimama askari wa Kusini, na ingawa ilikatazwa, kahawa ya huku ilibadilishwa kwa tumbaku ya kule.

SWALI: Ni kweli madaktari waliandika kukumbuka nyumbani kama ugonjwa?

Kweli. Kumbukumbu za jeshi la Muungano kwa vita vizima zina wagonjwa zaidi ya 5,000 wa aina hiyo, na vifo 74. Tuvisome vifo hivyo kwa tahadhari: mtu aliyeacha kula kwa huzuni aliangushwa kirahisi na kuhara au homa ya matumbo.

Jenerali Joseph Hooker, aliyeshika uongozi wa Jeshi la Potomac mwishoni mwa Januari, aliamuru mkate laini angalau mara 4 kwa wiki na viazi au vitunguu mara 2, akaruhusu askari 2 katika kila 100 kwenda likizo kwa zamu. Kwa maoni yetu likizo ndiyo iliyofanya kazi kubwa ya kupunguza huzuni hiyo, hata kwa ambao zamu yao haikufika.

SWALI: Barua na vifurushi vilifikaje?

Stempu ilikuwa senti 3. Asiyekuwa nayo alituma barua yenye uthibitisho wa ofisa, na mpokeaji akalipa. Stempu zilikuwa za shida kwa sababu mshahara, dola 13 kwa mwezi, ulichelewa. Wengine majira hayo walidai miezi 6.

Vifurushi vilichukua wiki kadhaa, na kosa la familia nyingi lilikuwa kutuma kuku wa kupikwa. Alioza njiani akaharibu soksi, keki na karatasi za barua. Matufaa yaliyokaushwa, jibini na siagi ya kopo vilifika salama zaidi. Masanduku yalifunguliwa na wakaguzi waliotafuta pombe na nguo za kiraia za kutorokea, kwa hiyo wajanja wa nyumbani walificha chupa ndani ya tumbo la bata mzinga wa kuokwa.