Shida ni mwezi wa pili

Swali la wiki hii mliuliza hivi: "Kwa nini huduma za filamu za kulipia kwa mwezi zinahangaika kutengeneza tamthilia zao wenyewe, wakati watu wamejiunga ili waangalie muvi?" Najua wengi watawajibu ni ushindani wa hizi huduma za intaneti, basi. Mi nasema hapana, hii kitu ina zaidi ya miaka hamsini, na ukitaka kuielewa usianzie Netflix, anzia HBO, chaneli ya kulipia ya Marekani, alafu uangalie hela ya mteja inavyoingia na inavyochomoka.

Mi ni fundi madishi. Kazi hii imenifundisha kwamba kumuunganisha mteja siyo shida kabisa, unapanda juu, unafunga dishi, unahangaika na signo kidogo, picha ikitokea kila mtu ndani ya nyumba anakupenda na chai unaletewa. Shida ni mwezi wa pili. Mwezi wa pili mtu ameshaona kila kilichokuwemo, ndo anaanza kujiuliza hii hela nalipia nini. Historia yote ya HBO, nikiisoma mimi, ni watu wanaopigana na huo mwezi wa pili.

Mwanzilishi anaitwa Charles Dolan. Alikuwa na kampuni ya kebo, yani televisheni ya kuvutiwa waya mpaka nyumbani, pale Manhattan, New York, ambako magorofa yalikuwa yanaharibu picha za antena kiasi kwamba watu walikuwa tayari kulipia waya. Wazo zuri, ila waya ulitakiwa upite chini ya ardhi, na kuchimbua mitaa ya Manhattan kunakula hela vibaya mno, kwahiyo kampuni ikawa hasara juu ya hasara. Mwaka 1971 akapanda meli ya Queen Elizabeth 2 na familia yake kwenda Ufaransa, wenzie wanaangalia bahari yeye anaandika pendekezo: chaneli isiyo na tangazo hata moja, mtazamaji mwenyewe ndo alipe kila mwezi, aone filamu bila kukatwakatwa na mechi ambazo stesheni za kawaida hazionyeshi. Wabia wake, Time Life, wakakubali. Jina la Home Box Office, yani kama kusema dirisha la tiketi limehamia nyumbani kwako, liliwekwa la muda tu ili makaratasi yachapwe, wakipata jina zuri watabadilisha. Hawakupata.

Walitaka waanzie Allentown, Pennsylvania, ikashindikana kwa sababu ya haki za mechi za kikapu za timu ya Philadelphia, wakahamia Wilkes-Barre, mji ambao Juni 1972 ulikuwa umezama kwenye mafuriko ya kimbunga Agnes. Ndo huko huduma ilizaliwa, usiku wa tarehe 8 Novemba 1972, na wateja 365. Siyo elfu, ni mia tatu sitini na tano.

Sasa huo usiku ndo naupenda kuliko yote. Picha ilikuwa inatoka New York kwa mawimbi ya redio yanayoitwa mikrowevu, mnara kwa mnara, na kila mnara lazima uuone mwenzie kwa mstari mnyoofu, antena ikipinda kidogo tu umekwisha. Jioni hiyohiyo upepo ukavuma ukaiangusha antena ya kupokelea ya kampuni ya kebo ya Wilkes-Barre. Imelala chini! Matangazo yanaanza saa moja na nusu, wakubwa wanasubiri, ikabidi fundi atumwe haraka akaisimamishe na kuilenga upya, akamaliza zikiwa zimebaki kama dakika 25. Anayejua kazi hii anaelewa dakika 25 ni nini, hapo umeshika spana, upepo haujatulia, chini kuna mtu anakuuliza kila sekunde "bado?" Jina la Dolan liko kwenye historia, la huyo fundi mi sijawahi kuliona limeandikwa popote, haya tuyaache. Wateja 365 wakaona hoki ya barafu, New York Rangers na Vancouver, alafu filamu ya Paul Newman, Sometimes a Great Notion. Bei ilikuwa dola 6 kwa mwezi.

Mwezi wa pili ukaja. Watu wakaanza kukata, tena wengi, lalamiko likiwa lilelile la leo, filamu chache zinarudiwarudiwa. Na haikuwa uvivu wa HBO peke yake. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilikuwa na masharti yaliyowekwa kuzilinda stesheni za bure: chaneli ya kulipia iruhusiwe filamu mpya kabisa, za chini ya miaka miwili, au zile kuukuu zilizopita miaka kumi, katikati hapo usiguse. We fikiria unaendesha duka la filamu alafu unaambiwa rafu ya katikati, ile yenye kila kitu kizuri watu walichokikosa kwenye sinema, haikuhusu. Ndo maana Machi 1973 unakuta chaneli ya filamu inaonyesha, na sitanii, tamasha la muziki wa polka kutoka Allentown. Wachezaji wanazunguka na akodioni zao! Watu huwa wanacheka sana hiki kisa ila mi sicheki, kwa sababu hapo ndo jibu la swali lenu lilianza kuchipua. Polka haikuwa nzuri, ila haikuwepo kwingine.

Dolan akaondoka mwaka 1973 kwenda kuanzisha kampuni yake nyingine ya kebo, usukani akashika mwanasheria Gerald Levin, na huyu ndo aliyeona kwamba kusogea mnara kwa mnara mpaka nchi nzima ifikiwe ni kuzeeka njiani. Akaingia mkataba wa dola milioni 7.5 na kampuni ya RCA apate nafasi kwenye setilaiti yao. Chombo kikikaa juu kilomita 36,000 hakihami, kinaiona Marekani yote kwa mpigo, kampuni ya kebo ya mji wowote inachohitaji ni dishi moja. Ila dishi lenyewe sasa! Upana mita 10, bei inakaribia dola laki moja. Kwa kitu cha kushawishi watu wakachagua ngumi, Muhammad Ali na Joe Frazier, pambano la Manila, Ufilipino. Usiku wa tarehe 30 Septemba 1975 kwa saa za Marekani watu wa Jackson, Mississippi, na wa miji ya Vero Beach na Fort Pierce kule Florida wakaliona moja kwa moja sebuleni, na wenye makampuni ya kebo nchi nzima wakaanza kupiga hesabu za madishi. FCC baadae ikaruhusu dishi la mita 4.5, bei ikaporomoka. Ted Turner naye akaifuata njia hiyohiyo mwaka 1976 akairusha stesheni yake ya Atlanta juu. Televisheni ya setilaiti tunayoijua leo, hata mkate wangu mimi, imetoka kwenye ule usiku wa Ali.

Mwaka 1977 mahakama ya rufaa ya Washington ikayafuta masharti ya FCC, rafu ya katikati ikafunguka. Hapo ikawa ni neema tupu, chaneli shindani ya Showtime ilishaingia 1976, HBO wenyewe wakaongeza Cinemax 1980, mwishoni mwa 1981 wakawa hewani saa 24. Studio kubwa nne za filamu zilipoona hela inapita mbele yao zikataka kufungua chaneli yao ya pamoja iitwe Premiere na filamu zao zikae huko kwanza, serikali ikasema huo ni ulaji wa genge, mahakama ikaizuia siku chache kabla haijaanza.

Lazima niseme na kisa cha Captain Midnight maana kinawahusu watu wa fani yangu. Vijijini Marekani watu walikuwa wamenunua madishi makubwa ya nyuma ya nyumba, wanainasa HBO bure kabisa, na wauza madishi walikuwa wanakula vizuri. Januari 1986 HBO wakafunga mawimbi yao, ukitaka picha nunua kisimbuzi na ulipie dola 12.95 kwa mwezi. Biashara ya madishi ikalala. Basi usiku wa kuamkia tarehe 27 Aprili, saa sita na dakika 32, filamu inaendelea, ghafla picha ikapotea zikatokea rangi za milia zile za kupimia mitambo, na juu yake maandishi, Captain Midnight anawatakia HBO jioni njema na kuwaambia hiyo 12.95 hailipwi ng'o, na Showtime nao wajiangalie. Dakika nne na nusu! Kumbe ni muuza madishi wa Florida ambaye usiku alikuwa na kibarua kwenye kituo cha kurushia mawimbi, akageuza dishi la kazini akailenga setilaiti ya HBO na nguvu kubwa kuliko ya HBO wenyewe. Alikamatwa, faini dola 5,000 na mwaka mmoja wa kuangaliwa. Alikosea, sawa, ila hasira yake naijua.

Lakini adui mkubwa hakuwa Captain Midnight, alikuwa kanda ya video. Katikati ya miaka ya 80 mtu akawa anaenda kuazima filamu anayotaka, usiku anaotaka, na mara nyingi anaipata kabla haijafika kwa HBO. Faida ya "filamu bila matangazo" ikayeyuka. Sasa kama filamu ileile iko kila mahali, mteja wa mwezi wa pili unamshika na nini? Unamshika na kitu ambacho kwingine hakipo, ile polka, ila safari hii nzuri. Walishajaribu mwaka 1983 na filamu yao ya kwanza, The Terry Fox Story, ya yule kijana wa Kanada aliyekimbia na mguu wa bandia kuchangisha hela za saratani. Miaka ya 90 wakaenda mbali zaidi, na kwa kuwa hawana matangazo hawamwogopi mwenye sabuni wala mwenye gari, mwandishi akitaka mhusika mkuu awe mtu mbaya anaachwa. Oz ikaja 1997, ya gerezani, alafu Januari 1999 The Sopranos, tamthilia ambayo televisheni ya Fox waliikataa.

Na hapa naomba mhesabu na mimi. Msimu wa kwanza wa The Sopranos ni sehemu 13, moja kila Jumapili. Wiki 13 ni miezi mitatu. Bili tatu! Filamu moja haiwezi kumtoza mtu bili tatu hata iwe nzuri namna gani, ataiona leo kesho ameaga. Watu wanasifia uandishi, na kweli uandishi ni wa hali ya juu sibishi, ila mi nikiangalia ile ratiba naona akili ya mtu aliyechoka kukimbiwa na wateja.

Netflix mwaka 2013 wakaja na House of Cards, sehemu 13 zote siku moja, watu wakazimaliza wikiendi. Sasa hivi unaona huduma nyingi zinarudi taratibu kwenye wiki kwa wiki, na sababu mmeshaijua. HBO wenyewe kwenye intaneti wamehangaika mpaka na jina, HBO Go, HBO Now, mwaka 2020 HBO Max, 2023 wakalifuta HBO wakabaki Max, Julai 2025 wakalirudisha, HBO Max tena. Lile jina la muda!

Nina mteja mmoja nimemfungia na kumwamshia kisimbuzi mara nne, na kila tamthilia yake ikiisha anaacha kulipia, hana hata aibu, ananipigia kabisa kuniambia. Juzi nimemuuliza kwani muvi huwa haangalii, akanijibu, "Muvi ziko nyingi tu fundi, msimu mpya ukianza ntakustua."