Mtoto anatoa 52 − 27 anapata 35, ni uvivu?

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu Tanga ila tupo Leicester huku Uingereza mwaka wa sita sasa. Mkubwa ana miaka 8, mwaka jana nilimtoa shule nikaamua namfundisha mwenyewe nyumbani. Kusoma hana shida, kujumlisha hana shida, ila kutoa kunanitoa machozi. 52 − 27 anaandika 35. 81 − 46 anaandika 45. Nimemwelekeza kukopa mpaka sauti imekauka, nikiwa nimekaa naye anapata, kesho yake karudi kule kule. Baba yake anasema ni uvivu tu. Hesabu namfundisha kwa Kiswahili maana ndo tunachoongea nyumbani, sijui kama hilo nalo linamchanganya. Nimekosea wapi, au nimrudishe shule?

JIBU: Nzuri dada, pole na hongera kwa pamoja. Huyo mtoto sio mvivu, mwambie baba yake nimesema mimi. Mvivu anakosea ovyo, leo 31 kesho 19, wa kwako anakosea kwa kanuni. Yaangalie vizuri hayo majibu. Kwenye 52 − 27 kakuta 2 juu na 7 chini, kaona 2 haitoshi, akageuza akafanya 7 toa 2 ni 5, halafu 5 toa 2 ni 3, basi 35 hiyo hapo. Kwenye 81 − 46 kafanya 6 toa 1. Yaani anachukua kubwa anatoa ndogo bila kujali ipi ipo juu ipi ipo chini. Mjaribu leo, mpe 73 − 58 halafu kaa kimya, akikuletea 25 ujue ndo hiyo hiyo. Nimefundisha la pili na la tatu miaka mingi na hili kosa nimelisahihisha mpaka basi, na wengi wanaolifanya ni wale wenye akili zao, maana wamejitungia kanuni inayojibu kila hesabu ya kutoa isipokuwa hizi za kukopa, sasa kwa nini waiache?

Kabla hujamfundisha chochote fanya kipimo kimoja. Mhesabie maharage 52 mezani, mwambie aandike 52 kwenye karatasi, halafu izungushie duara ile 5 umuulize, hii 5 nionyeshe ni maharage yapi hapo. Ukiona anatenga maharage matano, usishangae. Kwake 52 ni tano na mbili zimekaa jirani, hajui kwamba ile tano ni mafungu matano ya kumi kumi. Na kama hajui hilo, ukimwambia akope moja kwa jirani unamfundisha uganga tu, anakariri mbele yako na ukiondoka unaondoka nao.

Umeuliza kuhusu lugha, na swali lako lina maana kuliko unavyodhani. Kiswahili chetu mpaka 19 ni kizuri sana kwa hesabu, kumi na tatu ni kumi na tatu, mtoto anaisikia ile kumi na ile tatu, wakati thirteen ya Kiingereza inaanza na tatu halafu inafanana na thirty mpaka watoto wanazichanganya. Shida yetu inaanzia kwenye makumi, maana ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na themanini tumezitoa Kiarabu wakati mbili, tatu, nne, tano na nane ni za kwetu za kibantu. Sitini, sabini na tisini angalau mtoto anasikia sita, saba na tisa ndani yake kwa sababu hizo nazo zimetoka huko huko. Ila hamsini? Hakuna tano humo. Lugha nyingi za kibantu bado zinasema makumi mawili, makumi matatu, na wewe ndo nataka ufanye hivyo kwa wiki mbili hivi, kila mkisoma namba mziite kwa majina mawili, hamsini na mbili, yaani makumi matano na mbili. Kiswahili usikiache, hakijamkosesha kitu.

Sasa dawa yenyewe. Hizo wiki mbili funga daftari, hakuna kupanga hesabu juu na chini. Tafuta sarafu, na hapo Uingereza una bahati maana sarafu kumi za peni moja zinafanya moja ya peni kumi, na sarafu kumi za peni kumi zinafanya pauni moja, ni mamoja, makumi na mamia yenyewe yapo kwenye pochi yako. (Kuna vile vipande vya mbao vya Dienes, vya moja moja, kumi kumi na mia mia, wanavyotumia shuleni, ukipata vya mtumba nunua, ila sio lazima. Mimi darasani nilikuwa na vijiti vya fagio la chelewa vimefungwa kumi kumi na mpira wa kufungia hela, na kazi ilienda.)

Mdogo wake awe benki, wewe uwe duka, mkubwa awe mteja. Mpe za peni kumi 5 na za peni moja 2. Anunue kitu cha peni 27, na duka lako halitoi chenji, linataka hela kamili. Atatoa za kumi mbili, halafu atahangaika maana anatakiwa peni saba na anazo mbili. Muache ahangaike! Usimrukie. Mwenyewe atafika benki kuvunja ya kumi moja, atapewa za moja kumi, sasa anazo 12, analipa saba zinabaki tano. Mwisho anahesabu zilizobaki mkononi, za kumi mbili na za moja tano.

Akishazoea mchezo, kuna swali moja ambalo nakuomba usiliruke hata siku moja. Mara tu akitoka benki, kabla hajalipa chochote, muulize, sasa hivi una hela ngapi? Watoto wengi watasema zimeongezeka kwa sababu sarafu zimekuwa nyingi. Siku atakayokujibu "si ni zile zile 52" bila kuzihesabu upya, siku hiyo fungua daftari. Hapo ndo unaandika 52 − 27, anavunja ya kumi kwa mkono halafu ndo anaandika kwa penseli, 5 inakatwa inakuwa 4, ile 2 inakuwa 12. Mkono kwanza, penseli baadaye.

Na hilo neno kukopa achana nalo, tumia kuchenji au kuvunja. Kuna mtoto aliwahi kuniuliza darasani, mwalimu, kila siku tunakopa, tutalipa lini? Darasa zima lilicheka na mimi nikacheka ila sikuwa na jibu, alikuwa sahihi kabisa, hakuna mkopo pale.

Mazoezi usimpe ukurasa mzima wa kuchenji, changanya, 64 − 21 ikae pembeni ya 73 − 58, la sivyo atakuja na ugonjwa mpya wa kuchenji kila kitu. Kabla ya kila hesabu aseme kwa mdomo, zinatosha au hazitoshi. Dakika 15 au 20 kwa siku zinatosha, ukimkalisha saa nzima mtaishia kugombana na hesabu itaonekana ndo mchawi.

Mkifika kwenye sifuri, kama 300 − 147, hapo hata wazima wanajikwaa. Mpe pauni 3 tupu, anavunja moja anapata za peni kumi 10, anavunja moja ya hizo anapata za moja 10, amebaki na pauni 2, za kumi 9 na za moja 10, analipa, inabaki 153. Mwonyeshe na ya wauza duka pia, 147 mpaka 150 ni 3, mpaka 200 ni 50, mpaka 300 ni 100.

Kuhusu kumrudisha shule, hilo ni lenu na baba yake ila lisiwe kwa sababu ya hii. Mtaala wa Uingereza kutoa kwa kupanga namba za tarakimu tatu upo mwaka wa tatu, watoto wa miaka 7 na 8, na wewe unayefundisha nyumbani hata hulazimiki kuufuata, kwa hiyo hajachelewa. Ila madaftari weka tarehe na usitupe, hata yenye makosa, maana halmashauri wakikuandikia kuuliza mtoto anasoma nini, hayo ndo utakayoyataja.

Wiki ya tatu mpe tena ile 73 − 58. Akileta 15, mpe na 702 − 358 umwone. Akileta 25 niandikie, ila kwanza muulize ile 7 ni nini, na jibu lake niandikie neno kwa neno.