Mtumishi wa Mtumba atapata wapi muda wa kupiga picha za chakula? Jibu langu refu kidogo

Dada, umeuliza vitu vitatu kwa mpigo: unatoka Nkuhungu alfajiri, unarudi kutoka Mtumba, kule mji wa serikali hapa Dodoma, saa 1 usiku na una watoto wawili, sasa muda wa kujifunza kupiga picha za chakula utautoa wapi, je ununue kamera kwanza, na je biashara ipo. Nilitaka nikujibu mistari miwili nikaona haitoshi, ngoja nimwage yote, atakayechoka aruke.

Mimi ni mtunza stoo kwenye ofisi moja huko huko Mtumba, nakaa Ipagala, nina mke, watoto, na mama mkwe anayekuja kukaa na sisi kila akishavuna. Hii hobi ninayo miaka sasa na kazi sijaacha. Nikiona watu humu wanashauri "amka saa 10 usiku ujiendeleze" nacheka tu, mtu ambaye saa 10 na nusu keshaamka anabandika chai awahi gari utamwambia aamke saa ngapi tena?

Ukweli ni kwamba kwenye picha za chakula anayepanga ratiba ni mwanga. Hapa Dodoma jua linachomoza kuanzia saa 12 na robo mpaka saa 1 kasoro hivi kutegemea na mwezi, na linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni, mwaka mzima linachezea hapo hapo. Kwaio wewe siku za kazi mwanga huna, unatoka giza unarudi giza, basi usijitese nazo, nitakwambia cha kuzifanyia huko mbele. Ulichonacho ni mchana wa Jumamosi na Jumapili, na siku hizo chakula cha mchana kinapikwa upende usipende, watoto lazima wale. Hapo ndo pa kuingilia. Usipike chakula cha picha, kitakumalizia hela na usingizi, wewe piga kile kinachoenda kuliwa, pale kinapotoka jikoni kabla hakijafika kwenye mkeka. Dakika 10 zinatosha kabisa ila ziwe zimeandaliwa, yaani wakati wali bado umefunikwa mkaa juu, wewe ushaweka meza dirishani, sahani tupu iko mahali pake, simu umeshaiegesha, umepiga ile sahani tupu ukaona kivuli kinaangukia wapi. Chakula kikija ni kupakua, kupiga, kula. Kwangu mke kaweka sheria, tonge la kwanza likishaliwa simu inarudi mfukoni, na nakwambia hiyo sheria imenifundisha kuliko video zozote za mtandaoni maana inakulazimisha uamue kabla.

Sasa dirisha. Ukisoma maelezo ya wazungu wanakwambia tumia dirisha linaloangalia kaskazini, wao huko kwao jua linapita kusini mwaka mzima ndo maana dirisha la kaskazini halichomwi. Sisi tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwaio jua letu linahama. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba mchana linapitia upande wa kaskazini, dirisha lako la kusini ndo linakuwa na mwanga mtulivu. Oktoba mpaka Februari linapitia kusini, unahamia dirisha la kaskazini. La mashariki asubuhi linachoma, la magharibi jioni linachoma, ila ukining'iniza pazia jepesi jeupe, lile la neti la ndani, ule mwanga unalainika vizuri tu. Anza kwa kujua madirisha yako yanaangalia wapi, hata kabla hujagusa simu.

Na hizi nyumba zetu za sa hivi zina tatizo lake, vioo vya aluminiamu vya rangi, bluu, kijani, kahawia. Ukipiga wali kwenye kioo cha bluu kimefungwa, wali unatoka bluu na hutajua kwanini. Sogeza kioo, fungua kabisa, wavu wa mbu ukibaki hauna shida. Alafu zima taa ya ndani. Mwanga wa dirisha na wa balbu haupatani, upande mmoja wa sahani unakuwa wa rangi hii na mwingine rangi ile, na hakuna kuediti kutakakokuokoa hapo.

Mwanga utoke pembeni ya sahani au nyuma yake, usitoke mgongoni kwako. Ukitoka mgongoni kwako chakula kinalala, hakina umbo, ndo zile picha za vibanda zote zinafanana. Ukitoka pembeni upande wa pili unakuwa na giza, hapo chukua kartoni bandika karatasi nyeupe au lile boksi la chini la keki lenye foili, mpe mtoto alishike upande wa giza alisogeze taratibu, utaona kivuli kinafunguka kwa macho yako. Wangu mkubwa hiyo ndo ajira yake, analipwa kwa paja la kuku. Usiku ukiwashwa sana na hamu ya kupiga unaweza kutumia taa moja ya mezani ya kusomea, iweke pembeni, mbele yake tanda kitambaa cheupe, zingine zote zima. Ila taa za bei chee zinaleta mistari kwenye simu, ukiiona badilisha taa tu.

Zoezi nililoanza nalo mimi ni yai. Yai moja bichi dirishani. Lizungushie meza, mwanga uje kushoto, uje nyuma, weka kartoni, toa kartoni, weka kitambaa cheusi badala yake. Yai halipoi, halina haraka, na ni jeupe kwaio halifichi kitu. Wiki nzima unaweza kucheza na yai ukaelewa mwanga kuliko aliyenunua kamera juzi.

Ndo tuje kwenye kamera. Usinunue. Sio sa hivi. Simu uliyonayo inatosha kama inapiga picha ya kawaida. Kitu cha kwanza futa lenzi, sisi tunaopika simu zetu zina mafuta muda wote ndo maana picha zina ukungu, watu wanalaumu simu bure. Cha pili usitumie ile lenzi ya kupanua, sahani inakuwa yai na glasi inainama, rudi nyuma kidogo alafu tumia zumu ya mara 2. Cha tatu gusa kwenye chakula ushikilie mpaka fokasi ijifunge, kisha teremsha mwanga kidogo kwa kidole mpaka wali uanze kuonyesha punje punje, maana ukiuacha simu inaung'arisha mpaka unakuwa doa jeupe. Washa gridi, ile mistari ya kwenye skrini ya kukusaidia kupanga picha. Basi. Chakula chenye kimo, maandazi yaliyopangwa, chapati zilizorundikwa, shuka chini usawa wa meza. Kilicholala kama sinia la pilau piga kutokea juu kabisa. Bakuli la mchuzi ni katikati hapo, ile pembe unayokionea ukiwa umekaa.

Vyombo usihangaike navyo. Sahani zetu za maua maua na kitenge chini vinapigana na chakula, jicho halijui liende wapi. Tafuta sahani moja ya rangi moja isiyong'aa sana, na ungo. Ungo ni mali, ukimwagia karanga, ubuyu au uwele huhitaji kitu kingine. Kwa fundi seremala omba vipande vya mbao vilivyobaki, viunganishe viwe ubao wa kuwekea, mara nyingi anakupa bure.

Sasa niseme kuhusu mlenda, maana nyie wote mnapiga pizza na baga wakati tuko Ugogoni. Mlenda kwenye picha ni mtihani, ukipigwa kizembe unaonekana kama tope la kijani na ugali wa uwele nao ni wa kijivu, unajiuliza uanzie wapi. Siri yake ni mwanga wa nyuma. Weka bakuli katikati ya wewe na dirisha, shuka chini kidogo, ule mtelezo wake wote unashika mwanga, mafuta ya karanga yanaonekana yamekaa juu. Alafu tafuta mkono. Mama mkwe wangu alikuwa anakataa kupigwa picha, nikamwambia mama sura siitaki naomba mkono tu, akacheka akakubali. Akamega tonge, akalibonyeza kwa dole gumba likapata shimo, akachovya, akanyanyua taratibu, ile kamba ya mlenda ikafuata kutoka bakulini, ikawa nyembamba, ikakatika. Mimi nimeshikilia kitufe simu inapiga mfululizo. Kwenye zile zote moja tu ndo ilikuwa na kamba nzima imeng'aa kwa nyuma na ukungu mdogo wa moto, na hiyo ndo picha ninayoipenda mpaka leo. Yeye alivyoiona akauliza "kwani mkono wangu umezeeka hivyo?" kisha akaomba atumiwe, akawatumia ndugu zake wote.

Moshi wa chakula nao ni hivyo hivyo, unaonekana mwanga ukiwa nyuma na kule nyuma kabisa kuwe na kitu cheusi. Juni Julai asubuhi hapa baridi inauma, uji unafuka mpaka raha, tumia hiyo miezi. Ila upepo wa kipindi hicho na lile vumbi, fungua dirisha kiasi.

Zabibu nazo zisikupite, tunavuna mara mbili kwa mwaka na bado watu wa hapa hapa hawazipigi. Zikija toka shambani zina ule unga mweupe juu yake, watu wanadhani ni dawa wanaanza kuzisugua. Ule ni nta ya tunda lenyewe na ndo uzuri wote upo pale, kwaio shika kikonyo, usiguse punje, piga kwanza ndo uoshe. Punje kadhaa zikate nusu uziweke mbele, mwanga wa nyuma unapita ndani unaona mpaka mbegu. Yule Mwingereza Roger Fenton aliyepiga picha za vita vya Crimea, mwaka 1860 alikaa akapiga mafungu ya matunda na maua, zabibu zimo, kwa makamera yale ya vioo na hakuna rangi. Nikiziangalia zile najua kisingizio cha simu hakipo.

Jumamosi ukipata mtu wa kukuachia watoto, au nenda nao, pita mnada wa Msalato. Nyama choma, moshi, watu. Nunua kwanza ndo uombe kupiga, mchoma nyama akishakula hela yako anakugeuzia hata mbavu. Angalizo ni maturubai, chini ya turubai la bluu nyama inakuwa ya bluu, mbaya kweli kweli, omba sinia lisogezwe pembeni kwenye kivuli cha kawaida.

Sasa zile siku tano. Umesema unakaa kwenye gari muda mrefu kwenda na kurudi. Hapo ndo pa kuediti. Ile app ya kuediti picha ya Snapseed ni ya bure na haili bando, picha moja kwa siku inatosha, nyoosha, kata, ongeza mwanga kidogo, rekebisha rangi mpaka wali uwe wali. Futa mbovu zote hapo hapo, simu ikijaa unakata tamaa. Siku nyingine usiediti, fungua picha moja ya mtu unayemkubali ujiulize mwanga wake umetokea wapi, angalia kivuli cha kijiko kitakwambia. Ijumaa unajua Jumapili mnakula nini, basi ushaamua utapiga kutokea wapi. Ukifika dirishani unatekeleza tu.

Kuhusu biashara, hapa najua wengi mtanipinga. Ukianza kuweka picha WhatsApp haitapita muda utasikia "dada nipigie menyu ya mgahawa", "dada nipigie keki zangu nakulipa mwisho wa mwezi". Mwaka wa kwanza kataa. Hela sio mbaya, ila mteja anataka Jumapili yako saa 7 mchana, na hiyo Jumapili saa 7 mchana ndo muda pekee ulionao, ukiiuza umerudi pale pale ulipoanzia ulipouliza hili swali, ila sasa una mabosi wawili. Ukishaiva na mikono ikawa myepesi utapanga bei yako mwenyewe na siku yako mwenyewe. Mimi mpaka leo nachukua kazi chache sana na nachagua, jamaa mmoja alinuna, poa tu.

Stendi ya simu nayo sio lazima, egesha kwenye kopo la maziwa lililojaa mchele, halitikisiki. Ya Jumapili hii ukishapiga itupie hapa hapa kwenye uzi, taja dirisha linaangalia wapi na ilikuwa saa ngapi, wadau watakuambia kartoni liende upande gani.