Unataka kutumia meno ya ng'ombe kwenye tasnifu yako? Njoo nikusimulie

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana wa mwaka wa nne wa udaktari wa meno: "Shikamoo dokta. Msimamizi anasema meno ya watu hayatatosha, nitumie ya ng'ombe. Wenzangu wananicheka. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Umenitonesha kidonda.

Mimi nilianza na meno ya watu. Nilitaka magego 60 mazima, nilinganishe gundi mbili za kujazia meno, ipi inashika zaidi. Kibali cha maadili nikapata, fomu za ridhaa nikachapa, nikaenda kukaa kliniki. Miezi 3 nikavuna magego 11, na yenye hali nzuri yalikuwa 4. Nani anang'oa jino zima? Kwetu mtu anakuja likishamnyima usingizi wiki nzima, limeoza hadi ndani. Wengine walisaini, ganzi ilipoanza kuisha wakaomba waondoke na jino lao. Sikuwalaumu.

Ndipo nikaenda machinjio ya Vingunguti, Dar es Salaam, alfajiri, na mfuko wangu. Nikamwambia kaka mmoja anayeshughulika na vichwa: naomba meno ya mbele ya juu. Kwa binadamu ndiyo mapana. Akanitazama, kisha akamwita mwenzake aje asikie. "Dokta wa meno huyu, anataka meno ya juu ya ng'ombe!"

Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Ana ufizi mgumu tu. Yale 8 yote yako chini. Miaka yote ile ya kukariri mizizi na vishimo vya magego, nikaja kufundishwa na mtu aliyevaa buti za mvua.

Lakini jamani, ni meno mazuri! Mapana, bapa kama koleo, na hulegea kidogo hata mnyama akiwa hai, kwa hiyo kuyatoa si vita. Ukisugua uso wake kwa msasa unapata uwanja wa kutosha kubandika ujazo na kupima. Jino la mbele la mtu ni dogo na limepinda, utahangaika. Nikarudi nimejaa furaha, mfuko mkavu mapajani ndani ya daladala, nikayaacha dirishani wikiendi nzima. Jumatatu yalikuwa na nyufa kama tope la kiangazi.

Awamu ya pili nikayahifadhi vizuri ila nikasaga bila kipimo, mengine juujuu, mengine hadi karibu na kiini. Majibu yakayumba na mimi nikailaumu mashine. Kumbe mwaka 1983 Nakamichi na wenzake, Wajapani, walishalinganisha meno ya binadamu na ya ng'ombe kwa kazi hiihii: kwenye enameli (gamba gumu la nje la jino) na sehemu ya juu ya dentini (tabaka lililo chini yake) gundi haikuonyesha tofauti ya maana kitakwimu, ila kadiri walivyokwenda chini kwenye dentini ya ng'ombe, ushikaji ulishuka sana. Makala hiyo ilikuwa kwenye kompyuta yangu. Sikuwa nimeifungua.

Siku ya kutetea, mjumbe mmoja akauliza kwa upole: "Hao ng'ombe walikuwa na umri gani? Walitoka wapi?" Nikanyamaza. Mwingine akauliza kama nataka kutibu ng'ombe, ukumbi ukacheka. Kicheko kile bado nakisikia. Nikarudia kila kitu, nusu mwaka ukaenda.

Swali la kwanza lilikuwa la haki, ingawa siku ile niliona nimeonewa. Maji ya upande wa Arusha na Meru yana floridi nyingi. Watu huota meno ya kahawia, na ng'ombe floridi ikizidi humpata vilevile. Enameli ya namna hiyo, asidi tunayopaka kabla ya gundi haiili sawa na ya kawaida. Mimi yale ya kahawia niliyapiga brashi nikidhani ni madoa ya majani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, wanaokucheka waache. Mwongozo wa kimataifa wa kupima gundi unaruhusu meno ya mbele ya chini ya ng'ombe asiyezidi miaka 5. Linganisha gundi na gundi, hapo uko salama. Ila usije kuandika kwamba jino la mgonjwa litaoza kwa kasi uliyoiona maabara: enameli ya ng'ombe huyeyuka upesi kuliko yetu kwenye asidi. Soma kabla ya kushika msasa. Vijana mnataka majibu kabla ya kujua mnapima nini, na nasema hivyo kwa sababu nilikuwa hivyo.

Umri muulize kaka wa vichwa. Atafunua mdomo ahesabu meno ya ukubwani: mawili, ng'ombe ana kama miaka 2, yakiwa yote 8, amefika 4 au zaidi. Andika palepale, pamoja na alikotoka. Na nenda na ndoo yenye maji na mfuniko unaobana. Konda akisikia harufu atakushusha Tazara.