Korongo la Possum Creek, Tennessee: njia iamini, maji yaogope

Habari za jioni wakuu. Namjibu dada aliyeuliza jana, aliyehamia Chattanooga, mji wa jimbo la Tennessee kule Marekani, mwanzoni mwa mwaka. Amesema ana kijana wa miaka 11 anayependa kutembea porini, na amesikia kuna njia ya miguu ndani ya korongo la Possum Creek ambayo sehemu kubwa imechimbwa na watu wa kujitolea. Sasa ana wasiwasi: njia iliyojengwa na watu wasiolipwa inaaminika kweli, hasa ukiwa na mtoto? Ameuliza pia kuhusu wanyama, na mwishoni kama naye anaweza kwenda kujitolea kuchimba. Waliotangulia wamemwambia aende tu, pazuri. Pazuri sana. Lakini hakuuliza hilo. Mimi pale nimepita mara nyingi, na Jumamosi kadhaa nimeshika sururu, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu.

Jibu lenyewe dada yangu ni hili: njia iamini, maji ndiyo ya kuogopa. Nitaeleza yote mawili.

Hiyo njia ni kipande cha Cumberland Trail, njia ndefu iliyokusudiwa kufika kama maili 300, kuanzia Cumberland Gap kule mpakani na Kentucky mpaka Signal Point, hapo juu ya mji wenu. Mwaka 1998 jimbo liliifanya hifadhi, na zaidi ya maili 200 tayari zinapitika, ila kwa vipande vipande. Kipande cha Possum Creek kina maili kati ya 9 na 10, sema kilomita 15 na ushee, kutoka barabara ya Heiss Mountain hadi barabara ya Retro-Hughes. Mlima unaokatwa na korongo hilo unaitwa Walden Ridge. Juu yake kuna tabaka la jiwe gumu la mchanga, chini kuna mawe laini ya matope yaliyogandamana pamoja na makaa ya mawe. Maji hula lile laini, lile gumu la juu linakosa pa kuegemea, linakatika na kuporomoka. Ndiyo maana chini ya korongo utakuta mawe makubwa kama daladala yamelala ovyo mtoni, na njia inapinda ikiyazunguka.

Wajenzi je? Mwaka 1997 kilianzishwa chama kinachoitwa Cumberland Trails Conference, na wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa wanakuja wakati wa likizo yao fupi ya mwezi wa 3, badala ya kwenda ufukweni, wanalala kambini na kuchimba. Pamoja nao wastaafu, walimu, mafundi, watu wa makanisa. Usidhani ni kulima majani tu. Mimi mzaliwa wa Lushoto, nimekulia kwenye vijia vya milimani, nikajiona najua njia ni nini. Siku ya kwanza niligundua nilikuwa najua kuzipita tu.

Kwenye ubavu wa mlima unachimba kuingia ndani mpaka ufikie udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa. Udongo wa juu, ule mweusi wa majani yaliyooza na mizizi, unatupwa chini kabisa, maana ukiujengea njia hautamaliza mwaka. Kisha sakafu ya njia inalazwa kidogo, iinamie bondeni. Kidogo mno, kwa jicho huoni, lakini ukilaza chupa ya maji inabingirika taratibu kuelekea chini. Kazi yote imo kwenye ile chupa. Mvua ikinyesha, maji yanavuka njia na kwenda zake. Yakipata nafasi ya kutembea juu ya njia hata hatua 20, yanaanza kuchimba mtaro, na mtaro ukishaanza, watu wanaukwepa pembeni, kunazaliwa njia ya pili na ya tatu, na mlima unaharibika. Kwa sababu hiyo hiyo hawapandishi moja kwa moja. Mpando kwa kawaida hauzidishwi futi 10 kwa kila futi 100 za urefu, na pasipowezekana wanakata kona za kwenda na kurudi. Dada, mwanao akitaka kukatisha kona ili afike upesi, mkataze. Mguu mmoja hauna neno, lakini wa pili unafuata, na baada ya msimu mmoja maji yamepata mfereji.

Pale ambapo hata kona hazitoshi, wanapanga ngazi za mawe, na hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Ngazi inaanzia chini. Jiwe la kwanza linazikwa nusu, la pili linakalia mgongo wa la kwanza, hivyo hivyo mpaka juu, uzito wa yote ukishuka kwa lile la chini. Jiwe moja linaweza kuwa na kilo 100 na zaidi. Hatulibebi. Linasukumwa kwa mitalimbo, watu wawili huku, wawili kule, mmoja anaweka kabari, inchi baada ya inchi. Likikaa mahali pake, mtu mmoja anapanda juu yake na kuhamisha uzito wake kwenye pembe moja, halafu ya pili, ya tatu, ya nne. Sote tunanyamaza tukisikiliza. Likigonga hata kidogo, tok, linatolewa, shimo linachimbwa upya, vijiwe vinashindiliwa nyuma, linarudishwa. Mara moja jiwe moja lilitumalizia asubuhi nzima, kuanzia saa 3 mpaka muda wa chakula, na hakuna aliyesema basi, inatosha. Watu wasiolipwa hawana haraka ya kumaliza wakabidhi wakachukue hundi. Wao wenyewe watapita hapo mwakani na watoto wao. Ndiyo maana nakwambia njia iamini.

Jumamosi moja nilikwenda na mzee mmoja tunayesali naye, Mkongo wa Uvira. Ninyi mnaoishi Chattanooga mnajua ndugu zetu wa Kongo na Burundi walivyo wengi pale. Mzee alikuja kwa sababu tu nilimwomba. Akasimama akawatazama wale Wamarekani wenye mvi wanavyotoka jasho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii si ni salongo?" Kwetu sisi tungesema msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, lakini kwake neno hilo lina uzito mwingine. Alikuwa kijana enzi za Mobutu, miaka ya 1970, na salongo ilikuwa amri ya serikali, kazi ya bure kila wiki, upende usipende. Nikamwambia ndiyo, inafanana. Akauliza tena, "Na nani anaandika majina ya wasiokuja?" Nikamwambia hakuna. Akanyamaza muda mrefu, akavua koti, akaomba mtalimbo. Jumamosi iliyofuata alinipigia simu yeye, saa 12 asubuhi, kuniuliza kama nimeshaamka.

Sasa maji. Hapa naomba unisikilize kama unavyomsikiliza kaka yako.

Kule juu mlimani udongo ni mwembamba, chini yake mwamba. Mvua ikinyesha haina pa kunywewa, yote inateremka korongoni kwa pamoja. Kwenye mito mikubwa kuna madaraja, tena imara. Tatizo ni vijito vya pembeni, ambavyo unavuka kwa kurukia mawe. Mwezi wa 2 mwaka fulani nilikwenda na rafiki yangu. Asubuhi tulivuka kijito kimoja maji yakiwa hayafiki kwenye kifundo cha mguu. Mchana tumekaa tunakula, ikanyesha kule juu. Sisi tulipata manyunyu tu. Tunarudi saa 9 alasiri, kijito kile kile ni cha rangi ya chai ya maziwa na kinanguruma. Nikajiambia nimeshakivuka leo, nakijua. Hatua ya tatu mguu ukateleza, maji yakanichukua mpaka kwenye jiwe, begi likanivuta chini kwa sababu mkanda wa kiunoni nilikuwa sijaufungua. Rafiki yangu alinikamata mkono wa koti. Nilitoka na goti lililovimba na baridi ya kunitetemesha meno, na bado tulikuwa na maili 3 za kutembea. Kosa lilikuwa langu peke yangu. Njia haikunikosea kitu.

Tangu siku hiyo, ikiwa imenyesha usiku kucha au utabiri unasema mvua, siendi. Nikikuta maji yamepanda hadi magotini na yana kasi, nakaa chini ng'ambo ya huku, nakula karanga, nasubiri. Vijito vile vinapungua upesi kama vilivyojaa, saa chache tu. Ukichelewa kurudi nyumbani si msiba. Na kabla ya kuvuka popote, fungua mikanda ya begi ili likikuvuta uweze kulitupa. Mfundishe na mwanao.

Kwa kuwa ni mtoto wa miaka 11 na bado hujazoea, usianze na Possum Creek yote. Anza na Laurel-Snow, kipande kingine cha njia hiyo hiyo kule Dayton, kaskazini ya Chattanooga. Mwanzo wake unafuata kingo za Richland Creek kwenye tuta la reli ya zamani ya makaa ya mawe, pako tambarare, hata bibi yangu angepita. Utaona kuta za mawe na midomo ya migodi ya zamani. Msiingie hata hatua moja. Migodi ile iliua watu. Mlipuko wa mwaka 1895 peke yake uliua wachimbaji zaidi ya 20. Mbele kuna mpando mkali wa mawe, na juu yake maporomoko ya Laurel, kama futi 80. Kwenda na kurudi ni kama maili 5, mnarudi mchana mkiwa na nguvu. Akifurahia, hapo ndipo umpeleke Possum Creek.

Na Possum Creek nendeni na magari mawili, moja mliache Retro-Hughes na jingine liwapeleke Heiss Mountain, la sivyo mtarudi kwa miguu maili zote zile. Tengeni saa 7 au 8. Fuateni alama za rangi nyeupe kwenye miti; mkiona mbili moja juu ya nyingine, njia inakata kona, angalieni vizuri. Simu chini korongoni haishiki, kwa hiyo mtu wa nyumbani ajue mmepita wapi na mnarudi saa ngapi.

Umeuliza wanyama. Dubu weusi wapo Tennessee, lakini mimi pale sijakutana naye. Nyoka wapo, yule wa kichwa cha shaba na yule anayetikisa mkia ukalia kama kayamba. Miezi ya joto mtoto asiingize mkono chini ya jiwe wala kuruka gogo bila kutazama upande wa pili. Kinachosumbua zaidi ni kupe. Jioni mkague nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele.

Wakati mzuri kwangu ni mwezi wa 4. Maji bado ni mengi, majani ya miti hayajafunga mwanga, na sakafu ya msitu imejaa maua, hasa triliamu, jani tatu, petali tatu. Ukifika chini kwenye kivuli utaona pia miti ya hemloki, mingi imekufa imesimama. Geuza kitawi cha iliyo hai utazame chini ya majani yake: vidoa vyeupe kama pamba. Ni mdudu mdogo aliyeletwa kutoka Asia, anaufyonza mti mpaka unakauka. Inaniuma kila nikiiona, kwa sababu kivuli cha ile miti ndicho kilichokuwa kinayapoza maji ya vijito. Ikianguka inaziba njia, na wale wale wa kujitolea ndio wanaokuja na misumeno kuikata.

Kuhusu kwenda kufanya kazi, maana uliuliza mwishoni: ndiyo, wageni wanapokelewa, na hawakuulizi kama unajua. Vaa viatu vya kufunga, suruali ndefu, chukua glavu na maji ya kutosha, vifaa watakupa. Kijana wako hatasukuma mawe, lakini kuna kazi ya kubeba vijiwe vya kushindilia kwa ndoo, na bila vijiwe hivyo hakuna ngazi inayosimama.

Ile ngazi tuliyoijenga na mzee wa Uvira ina mawe 9. La 4 kutoka chini ni jeusi kidogo kuliko mengine, alilichagua yeye. Mkifika hapo mwambie mwanao alikanyage kwenye pembe zote nne. Halitikisiki.